Nilirudishwa na wivu

Mmeuliza wiki hii: baada ya kuugua, nini kilikurudisha kwenye mazoezi? Ningependa kujibu kwamba ni ushauri wa daktari, au watoto wangu. Ukweli ni wivu.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, Dar es Salaam, na kwa miaka sita nilikuwa mwimbishaji wa kikundi chetu cha jogging. Asiyeijua jogging ya Temeke hudhani ni kukimbia tu. Kukimbia ni nusu yake. Kuna tisheti za sare, filimbi, bendera mbele, watu sitini Barabara ya Kilwa asubuhi ya Jumapili, na mwimbishaji anayetupa mstari ili wengine waitikie huku miguu ikigonga lami kwa pamoja. Mwimbishaji akikosea pigo, safu nzima inajikwaa. Nafasi ile ina heshima yake, ndiyo maana nilipoanza kukohoa sikumwambia mtu.

Nilikohoa miezi miwili. Kila nikienda duka la dawa nilirudi na chupa ya dawa ya kikohozi, na mara mbili na vidonge vya antibayotiki juu yake. Usiku nilitoka jasho hadi shuka inakamulika. Sketi nilizojishonea mwenyewe zikaanza kunizunguka kiunoni, nikazibana kwa pini na kujisifu kwamba mazoezi yamenikubali. Fundi mzima! Jirani yangu alishaamua kwamba nimerogwa. Siku makohozi yalipotoka na damu ndipo nikaenda kituo cha afya, wakapima: kifua kikuu.

Dawa ni bure, miezi sita. Miwili ya kwanza unameza mchanganyiko wa dawa nne, minne iliyobaki ni dawa mbili. Nesi alinionya kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa, na bado siku ya kwanza nilipiga kelele chooni. Hilo lilipita. Kilichoninyima usingizi ni kwamba ugonjwa huu husambaa kwa hewa, mtu akikohoa na hata akiimba. Na mimi nilikuwa nimewaimbia watu sitini! Nesi akanituliza: nje upepo hutawanya vijidudu haraka, wa kuwahofia zaidi ni mnaolala nao chumba kimoja. Wanangu wakapimwa, wakakutwa salama.

Ila kwenye kikundi ilibidi niseme. Nilimpigia mwenyekiti. Alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, hilo nitawaambia mimi. Wewe meza dawa." Watatu walikwenda kupima, hawakuwa nao. Kikundi kikanichangia unga, maharage na trei mbili za mayai. Wawili hivi mpaka leo wakinipa mkono wananigusa kwa ncha za vidole, kana kwamba kifua kikuu kinakaa kiganjani.

Sasa wivu. Njia yao inapita karibu na kwangu. Jumapili nikiwa kitandani nasikia filimbi, halafu sauti ya kijana aliyechukua nafasi yangu. Ana sauti nzuri, sitamnyima. Lakini anaharakisha! Mstari haujaisha kuitikiwa, ameshatupa mwingine. Nililala pale nikirekebisha pigo kwa vidole kwenye godoro. Makohozi yalipopimwa tena mwisho wa mwezi wa pili yakawa safi, na nikamuuliza nesi naanza lini kukimbia. Akasema nianze kutembea.

Nilitembea wiki nne. Kisha nikarudi mkiani, kwa mzee mmoja mwenye presha ambaye hajawahi kukimbia mbele ya mtu yeyote. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama. Huku kwetu sheria ni moja: ukishindwa kuitikia wimbo, umezidisha mwendo. Tembea mpaka sauti irudi." Miaka sita nilikuwa naongoza nyimbo na sikujua kwamba huku nyuma zinatumika kupimia pumzi. Jumapili ile niliitikia mistari minne, nikatembea, mitatu, nikatembea. Walipofika kwenye supu sisi tulikuwa bado njiani, na chapati tulizikuta zimepoa.

Miguu ilirudi kabla ya kifua. Sikulitegemea hilo. Nilimaliza dawa, kilo nane nilizopoteza zikarudi, lakini pumzi ya kuimba na kukimbia kwa pamoja haijawa ile ya zamani. Daktari alisema mapafu yanaweza kubaki na makovu hata ugonjwa ukiisha.

Kwa hiyo tumegawana. Kutoka Rangi Tatu, hapa hapa Mbagala, palipo tambarare, filimbi ni yangu. Tukivuka daraja la Mto Kizinga pale Mtoni na njia ikaanza kupanda, namkabidhi kijana, narudi mkiani kwa mzee. Bado anaharakisha. Nimeshamwambia mara tatu.