Kama kila kitu kimeshaandikwa, nihangaike ya nini?

Mkuu, unasema umeacha kutuma maombi ya kazi kwa sababu kama ni riziki yako itakuja tu. Hiyo hoja ni ya zamani mno, Wagiriki walikuwa nayo, na Chrysippus, mwanafalsafa wao wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliijibu fresh kabisa, kwamba hata kama kupona kwako kumepangwa basi na kumwita daktari kumepangwa humohumo, sasa ukijilalia unasubiri, nani kakwambia hukupangiwa kufa kwa uvivu?

Kuna wajuaji watakuletea lile jaribio la mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet la 1983, eti uamuzi si wako kwa sababu ubongo unaanza kujiandaa kabla hujajijua umeamua. Ni kweli unajiandaa, ila pale watu walikuwa wanakunja mkono tu, hawachagui mke wala kazi, na Libet mwenyewe alisema nafasi ya kughairi bado unayo.

Wazazi na mwaka wa kuzaliwa hukuchagua, hapo kubali yaishe. Ila hayo maombi yatume leoleo bana, maana hao waajiri watakuitaje interviu na hata jina lako hawalijui?