Maneno kwa anayepanda dungu mara ya kwanza

Mimi ndege nilianza kwa kuwafukuza. Nyumbani ni Ahero, na mpunga ukishaanza kubeba, mtoto yeyote mwenye mikono miwili hupandishwa dunguni kabla jua halijatoka, akiwa na kombeo, debe bovu na madonge ya udongo. Kwelea kwelea hawaji wawili watatu. Wanakuja kama moshi, wanageuka pamoja, wanatua pamoja, na ukisinzia kidogo tu, mwenye shamba ataujua usingizi wako siku ya mavuno. Likizo nyingi za shule nilizimalizia pale juu nikipiga kelele. Sasa nakaa dungu jingine, kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa mafunjo ya Dunga, kando ya Ziwa Victoria karibu na Kisumu, nikiwaomba wageni wangu wanyamaze. Mama huwa anacheka: "Zamani ulilipwa uwafukuze, leo unalipwa uwangoje."

Haya nayaandika kwa ajili yenu vijana mnaonipigia simu mkitaka kuingia kazi hii ya kuongoza watazama ndege. Wengi mmeshanunua darubini, na wengine mmeshakariri nusu ya kitabu cha ndege. Vizuri. Lakini nimekaa na baadhi yenu dunguni, na nimeona mnachokosea ni kilekile nilichokosea mimi.

Mnadhani dungu linawaficha. Haliwafichi. Ndege alikuona ulipokuwa bado njiani, alisikia mbao zikilia chini ya viatu vya watu sita, na akamsikia yule mgeni aliyeuliza kwa sauti choo kiko wapi. Kuta zile za mikeka zinakusaidia jambo moja tu: zinampa nafasi ya kukusahau, na kusahau kunachukua muda. Mimi huangalia saa na kuwaambia wageni, dakika ishirini hakuna kunyanyuka. Kumi za kwanza utaona majani tu. Kisha mdiria mdogo anarudi kwenye ubua wake palepale ulipomkurupusha, tena anakaa akiwa amekupa mgongo, na hapo ujue mmeanza kusahaulika. Halafu sile-maua anatokea akitembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole vyake virefu kama vya kuazima. Wanaoanza kazi huwa wanakata tamaa dakika ya kumi na tano, wanasimama, wanajinyoosha, na hesabu inarudi sifuri. Nimeshuhudia hivyo mara nyingi mpaka nimeacha kukasirika.

Jambo la pili ni masikio. Funjo lililokomaa linapita mita nne kwa urefu, na yakisimama pamoja maelfu kwa maelfu, macho hayana kazi. Ndege tunaowatafuta humo ni wa mafunjo hasa, na ukifyeka mafunjo hawahamii kwenye miti ya barabarani. Anayetafutwa kuliko wote ni gonoleki wa mafunjo. Mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu mbichi, utosi wa manjano iliyofifia, na mstari mweupe bawani. Ungedhani ndege mwenye rangi zote hizo anaonekana toka Kisumu mjini. Wapi! Anaweza kuwa hatua tano kutoka puani pako, na usione kitu ila bua moja linalotikisika wakati mengine yametulia. Utamsikia kwanza. Dume anaita, jike anadakia papo hapo, kiasi kwamba asiyejua atakuambia amesikia ndege mmoja. Mwanafunzi wangu akinijia, mwezi wa kwanza simruhusu kuinua darubini kabla hajaninyoshea kidole sauti inakotoka. Wanaona namtesa.

Na hapa pana mtego. Kuna nduguye, gonoleki mwenye kichwa cheusi, ambaye yuko kila ua na kila bustani kuanzia Milimani hadi Nyamasaria. Naye ni mwekundu kifuani na mweusi mgongoni, naye huimba kwa kupokezana. Hana utosi wa manjano, hana weupe bawani, basi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mzee mmoja kutoka Uingereza, mtu mpole, aliyesafiri mbali kwa ajili ya yule wa mafunjo. Saa nne ilishafika, hatukuwa tumemwona, na mimi nilikuwa nawaza bahshishi. Kitu chekundu kikaruka kutoka kichakani nyuma ya dungu, nikasema kwa sauti ya ushindi, "Huyo!" Mzee akainua darubini, akatazama kwa utulivu, akashusha. Hakusema neno. Alitoa kijitabu, akaandika, akakifunga. Aliporudi mwaka uliofuata alimchukua mwongozaji mwingine, tukakutana ufuoni na akanisalimu vizuri tu. Angenigombeza ningepona haraka. Kwa hiyo mgeni akikuuliza na hujui, mwambie hujui. Kuna ndege wadogo wa kahawia humo ndani ambao hata waliokaa na darubini miaka thelathini wanabishana juu yao, na hakuna atakayekudharau.

Kuhusu kucheza sauti ya ndege kwenye simu, najua mnafanya, kwa sababu nami nilifanya. Gonoleki ana eneo lake na mwenzi wake. Akisikia sauti ya mwenzake anaamini amevamiwa, anakuja mbio, anajitokeza wazi, wageni wanapiga picha, na wewe unaonekana fundi. Palikuwa na jozi moja karibu na kijito tunachopitia na mtumbwi, nami niliwachezea sauti asubuhi baada ya asubuhi msimu mzima wa wageni. Kwanza walikuja kwa hasira. Baadaye walikuja wakichelewa. Mwisho hawakuja, na hata mlio wao wa kawaida sikuusikia tena pale. Labda walihama, labda mwewe, siwezi kuapa kwamba ni mimi. Lakini asubuhi ambazo wangekuwa wanatafuta wadudu, walizitumia kupigana na simu yangu. Tangu hapo spika ya simu nimeiachia nyimbo za nyumbani.

Sasa dungu lenyewe. Kama mtajenga lenu, na nawatakia mjenge, kaeni kwanza siku tatu mahali hapo bila kuchimba shimo hata moja. Tazameni jua. Asubuhi linatakiwa liwe nyuma yenu, maana yake mwanya wa kuchungulia utazame magharibi, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi na mgeni wa kamera atanuna hadi Nairobi. Tazameni upepo. Kwetu asubuhi huwa shwari au upepo hafifu unatoka nchi kavu. Ikikaribia adhuhuri ziwa linaanza kupumua kuelekea huku, mafunjo yanayumba yote, na sauti zinapotea. Ndiyo sababu nataka watu wawe wamekaa saa kumi na mbili na robo, kabla jua halijachomoza. Anayefika saa tatu nampeleka akale samaki.

Mlango uwe nyuma, na njia ya kuufikia izungushiwe mikeka, kwa sababu mtu anaonekana zaidi akitembea kuliko akiwa ameketi. Mwanya uwe mwembamba, kwenye usawa wa macho ya aliyeketi, na pawe na mwingine wa chini kwa watoto. Ndani pawe na giza: ukuta wa nyuma ukipenyeza mwanga, vichwa vyenu vinaonekana kama picha kwenye fremu. Na jamani, msitoe mikono nje ya mwanya kuelekeza. Kila anayeanza anatoa mkono! Sema kwa maneno: "ubua uliovunjika, kushoto kwake, chini kidogo." Ni ufundi wa kujifunza, na utakuokoa siku ukiwa na mgeni mmoja tu na ndege anayekaa sekunde tatu.

Dungu letu la kwanza tulilisimika mahali pazuri mno, karibu na maji. Mei 2020 ziwa lilipanda mpaka likavunja rekodi ya 1964, na asubuhi moja tulikuta paa tu, mnandi mmoja akiwa juu yake amekausha mabawa. La sasa liko nyuma zaidi na nguzo zake ni ndefu kuliko mnavyoona. Walioko Nakuru wanalijua hili kuliko sisi. Ziwa lao lilianza kufura miaka ya 2010, likala barabara na lango kuu la mbuga, na mahali watu walipozoea kusimama kutazama heroe pako chini ya maji. Maji yakiwa mengi magadi yanapungua nguvu, mwani unaoliwa na heroe unapungua, nao wanaruka kwenda Bogoria na kwingine. Migunga iliyokufa imebaki imesimama majini, na minandi na mwari wamefaidi. Ukimwahidi mgeni kwamba ziwa zima litakuwa la waridi kwa sababu kalenda ya ukutani inaonyesha hivyo, shauri yako.

Kama unataka kuona madungu ya kufundishia, nenda Saiwa, karibu na Kitale. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, iliyotengwa mwaka 1974, na humo hakuna gari, unatembea kwa miguu hadi kwenye majukwaa ya mbao yaliyoinuliwa juu ya kinamasi. Watu huenda kumtafuta nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, lakini mimi nilienda kwa ajili ya korongo wenye taji, ambao tangu 2012 wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nilikaa jukwaani tangu alfajiri. Ukungu ulipoinuka waliibuka wawili kwenye majani, karibu kuliko nilivyotarajia, na nzohe nyuma yao amezama hadi tumboni, ameganda kama gogo. Wote watatu walikuwa pale muda wote. Nilikuwa nimekwisha kuandika "hakuna kitu" kwenye daftari.

Usalama nitausema upesi. Kiboko hana utani, na njia zake ndani ya mafunjo ni zake. Usikanyage maji kwa miguu mitupu, kichocho kipo. Mikono mirefu asubuhi, mbu wapo. Kwenye mtumbwi kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejidai kuogelea. Na magugu maji myaogope. Siku moja upepo uligeuka tukiwa ndani ya kijito, na tulipotaka kutoka tukakuta zulia la kijani limefunga mdomo wote. Wageni wanne, chupa mbili za maji, simu moja yenye chaji. Tulikaa mpaka alasiri, wavuvi walipotukatia njia kwa panga na makasia. Walikuja kwa kuwa kuna mtu ufuoni aliyejua tumekwenda wapi na tulitakiwa kurudi saa ngapi. Mwambie mtu kila siku, hata kama unaenda mita mia mbili.

Nimebakiza la wakata mafunjo. Vijana wa darubini mna tabia ya kuwaona kama maadui, kwamba wanamaliza makao ya ndege. Mafunjo ndiyo karo ya watoto wao: mikeka, vikapu, viti. Nilipoanza nilimkuta mama mmoja ndani ya maji hadi kiunoni akikata, nami nikaanza kumhutubia juu ya ndege adimu. Akaniacha nimalize. "Nyathina," yaani mwanangu, akaniambia, "yule mwekundu mwenye kichwa cha manjano unamtafuta?" Nikasema ndiyo, mama. "Ana kiota kule. Ndiyo maana leo nakata huku." Akaninyoshea panga upande niliokuwa nimeupita asubuhi ile mara mbili. Yeye hukata kipande, anakiacha kiote hadi kikomae, anahamia kingine, na anajua kila ndege anapolala. Siku hizi sianzi msimu bila kumpitia, na mgeni akinunua mkeka nampeleka kwake moja kwa moja. Wapo pia wanaochoma na kulima mboga hadi majini, hao tunagombana nao, lakini msiwachanganye.

Daftari liwe la karatasi, la mfukoni, na kalamu ya risasi, kwa sababu wino na umande hawapatani. Andika saa, upepo, ulichosikia, ulichoona, na hata siku tupu uiandike. Jioni hamishia kwenye Ramani ya Ndege ya Kenya (Kenya Bird Map), inayokusanya rekodi za watazama ndege, kupitia simu. Nchi imegawanywa kwa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa, na iko mingi huku magharibi isiyotembelewa. Januari kunakuwa na hesabu ya ndege wa majini. Njooni mjifunze kuhesabu kundi: hesabu kumi, shika ukubwa wa hao kumi machoni, kisha upime kundi lote kwa kipimo hicho. Mara ya kwanza utakosea sana. Mimi nilikosea kidogo tu, maana kwelea kwelea walinifunza.

Atakayekuja Jumamosi asivae nyeupe, azime simu, na asije na krispi. Lile karatasi linasikika hadi Homa Bay. Chai ipo ufuoni, kuanzia saa nne.