Kunenepa chuoni: ni asili ya mtu au ni jiko lake?

Dada, umeuliza kwa nini wenzako hapo chuoni Tunguu, Unguja, wa Pemba, wa bara na wenye asili ya Kihindi, hawafanani kwa kula wala kwa mazoezi, na kama zile takwimu za Marekani za uzito kwa rangi ya mtu zinatuhusu. Mimi nimetoka Wete, nikasoma hapo hapo na kupanga nyumba na wenzangu mchanganyiko.

Tulichotofautiana hasa ni nani anapika na nani anatembea. Mwenzetu wa Iringa hakushiba bila ugali, lakini kila sahani yake ilikuwa na rundo la mchicha na dagaa. Sisi wa Pemba tulipika wali kwa tui zito la kwanza, na samaki wa kukaanga juu yake. Majani tuliyaona mapambo tu. Wali huo huo kwetu haukutunenepesha, maana skuli tulikwenda kwa miguu na shamba pia. Waliokaa kwao Mjini walishukia daladala getini, mchana wakala urojo na soda. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, na Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 50 kwa siku. Hapo chai ya jioni hujainywa.

Uwanja ulikuwa wa wavulana. Sisi wasichana tulitembea kwa kundi baada ya swala ya alfajiri, kwa mabuibui yetu na raba. Aliyepungua aliulizwa kama anaumwa, aliyenenepa akaambiwa mashallah, umenawiri. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu liliwarudisha wengi kitandani.

Za Marekani: mwaka 2017 hadi 2018, watu wazima weusi wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 49.6, wenye asili ya Asia 17.4. Usikimbilie kusema ni damu. Mitaa wanayoishi, kipato na chakula kinachouzwa karibu yao vimo humo. Tena hiyo 17.4 inawaficha wengi. Kipimo ni kilo ugawe kwa urefu wa mita mara wenyewe, na unene huo huhesabiwa kuanzia 30. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kuwa kwa watu wa Asia tahadhari ianze 23, kwani hubeba mafuta mengi mwilini kwa uzito ule ule, na kisukari huwawahi. Hapa ndipo asili ina uzito wake.

Kwa hiyo shoga yako wa Kihindi mwenye kilo 63 na urefu wa mita 1.60 anapata 24.6. Wengine wataambiwa wako salama, yeye asitulie. Mpime kiuno kwa futi ya fundi cherehani: kikifika sentimita 80, au 90 kwa kaka yake, waende wakapimwe sukari na presha, hata kama nguo zao bado zinawatosha.