Shangazi, nani alitangulia Bungeni?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kijana wangu wa gredi ya saba ameulizwa mwanamke wa kwanza kuingia Bungeni nchini Kenya. Mimi nikamwambia ni Grace Onyango wa hapa kwetu. Jirani akasema ni Jemimah Gecaga. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mtoto aandike nani?
Mama wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: Marahaba. Ipasheni hiyo chai, hakuna aliyekosea. Gecaga aliingia Baraza la Kutunga Sheria, bunge la enzi ya mkoloni, mwaka wa 1958, na mwaka wa 1961 akafuata Priscilla Abwao wa huku kwetu magharibi. Lakini hao waliteuliwa. Grace Onyango alipigiwa kura, tena na watu wa Kisumu Town, Disemba 1969.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu, kisha diwani. Mwaka wa 1965 Meya Mathias Ondiek alifariki, naye akashika nafasi hiyo, mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya. Siku hizo meya alichaguliwa na madiwani wenzake, si wananchi. Kwa hivyo 1969 ndiyo mara ya kwanza aliuliza mji mzima: mnanitaka au hamnitaki? Na mji wenyewe ulikuwa na kidonda kibichi. Oktoba watu walipigwa risasi wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, ikabaki KANU, chama tawala, peke yake.

Mama yangu alikuwa akiuza omena Kibuye. Nakumbuka baba akimuuliza, huyo mwanamke akienda Nairobi, nyumbani kwake atapika nani? Mama hakuinua macho. Aliendelea kupima, akakung'uta mkebe kwa kiganja, akamwongezea mteja konzi moja, ndipo akasema: "Kwani wewe ukienda kazini mimi hufa njaa?" Baba akatafuta kofia yake.

Onyango alidumu Bungeni hadi 1983, na humo akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika, japo kwa muda tu. Alifariki tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na miaka 98.

Mtoto aandike: "mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge." Neno kuchaguliwa alipigie mstari. Mwalimu akimtia mkasi, nitumie picha ya daftari.