Mshahara wa mke anayesafisha vyumba vya hoteli

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mke wa mtu, nasafisha vyumba katika hoteli moja ya kitalii huku Paje, Zanzibar. Friji za vyumbani zina bia. Mume wangu anasema ruhusa ya kutoka ni yake, basi na mshahara ni wake. Tena kijana niliyeanza naye siku moja, vyumba 14 kama mimi, ananizidi mshahara. Nini hukumu?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hukumu inafuata kile mikono yako inachokifanya, si bango la getini. Kutandika, kupiga deki na kubadilisha mataulo ni halali. Friji ni jambo jingine. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhiy, miongoni mwa waliolaaniwa kwa sababu ya pombe yumo mwenye kuibeba, na kupanga bia ndani ya friji ni kuibeba. Kuzoa chupa tupu pamoja na taka si kubeba pombe. Mwombe msimamizi friji zijazwe na mtu wa vinywaji, wewe uongezewe chumba badala yake.

Ama faragha na mgeni wa kiume: bisha hodi mara tatu kama tulivyofunzwa, akiitika rudi baadaye, hata akikwambia ingia tu usafishe. Kugonga huku kadi umeshaichomeka kitasani si kubisha hodi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ukiwa ndani, mlango ubaki wazi, toroli likae kizingitini. Mwenyewe akirejea, toka.

Mshahara ni wako wote. Qur'ani (4:32) inasema wanawake wana sehemu katika walivyovichuma. Zaynab, mke wa sahaba Ibn Mas'ud, aliuliza kama inamtosha kumpa mumewe sadaka yake, Mtume akamjibu ndiyo, na ana ujira mara mbili. Lingekuwa fungu la mume tangu mwanzo, lingeitwaje sadaka? Ruhusa ni haki yake, hilo kweli, ila haibadilishwi kwa mshahara mzima. Mnaweza kupatana uchangie, tuseme, umeme au ada ya watoto, kwa kiasi kinachotajwa. Chakula, nguo na nyumba vinabaki juu yake hata ukimzidi kipato. (Zaka nayo ni juu yako: akiba ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, na kupitiwa na mwaka, toa asilimia 2.5.)

Kuhusu kijana: ujira ni wa kazi, si wa jinsia. Kumpunja mwanamke ati ana mume wa kumlisha ni dhulma, kwani hata huyo kijana hakuulizwa nani anamlisha. Mkataba uliousaini umesihi, lakini hilo halikuzuii kudai. Sheria ya ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005 inakataza ubaguzi wa jinsia kazini. Weka karatasi zako za mshahara na nakala ya ratiba ya zamu inayoonyesha idadi ya vyumba vyenu wawili, mwandikie meneja kwanza, na akikaa kimya nenda ofisi ya kazi. Usiende kwa maneno matupu. Bila ratiba watasema mwenzako ana kazi nyingi kuliko wewe.

Wallahu a'lam.