Betri mbili, zote zimekufa siku moja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah ya matangazo, nazunguka nayo Urambo, Kaliua na kwenye minada. Nyuma niliongeza betri ya pili, N70, kwa ajili ya amplifaya na spika. Aliyenifungia aliunga chanya ya nyuma na chanya ya mbele kwa waya mmoja ili ichajiwe gari likitembea. Mwezi huu mara mbili nimemaliza tangazo, nageuza ufunguo, kimya. Zote mara mbili nimebustiwa na wasamaria. Nataka kufunga mita kwenye dashibodi inionyeshe volti za betri zote mbili. Ninunue ipi, na waya nizipitishe wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na habari ambayo hukuiuliza. Kwa ulivyofungiwa, hata ukiweka mita mbili za bei mbaya, zote zitakuonyesha namba ileile. Betri mbili zilizoungwa chanya kwa chanya, na hasi zote zikiishia kwenye bodi, zinafanya kazi kama betri moja kubwa. Amplifaya ikinyonya ya nyuma inanyonya na ya mbele, ndiyo maana zimekufa pamoja. Mita ingekuonya tu mapema kidogo kwamba jioni utatafuta wa kukubusti.

Kwa hiyo kwanza tenganisha. Kuna swichi kubwa ya kuzungusha kwa mkono: ni rahisi na haina ujanja, ila siku utakayosahau kuizima ndiyo siku utakayolala mnadani. Mimi ningefunga rilei, yaani swichi ya umeme inayojiwasha na kujizima, inayosoma volti yenyewe. Zilizo nyingi huunganisha betri mbili volti zikifika kama 13.3, maana yake oltaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, inachaji, na huziachia zikishuka kama 12.8. Injini ikizimwa, baada ya muda mfupi ya mbele inabaki peke yake na starta yake. Waya mnene unaopita kati ya betri hizo uwekewe fyuzi miisho yote miwili, karibu kabisa na kila betri. Fyuzi ya upande mmoja haitoshi, kwa sababu waya ule una umeme kutoka kila upande: ukichunwa na bodi katikati ya safari, betri isiyo na fyuzi itauchoma.

Sasa mita. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.7. Ikiwa nusu inasoma karibu 12.2. Ikifika 11.8 hesabu kwamba haina kitu. Ona jinsi nafasi yote, kutoka kujaa hadi kuisha, isivyofika hata volti moja. Mita ya mshale iliyoandikwa 8 hadi 16 haitakusaidia, mshale utasogea unene wa kucha. Nunua ya kidijitali yenye tarakimu mbili baada ya nukta, na kabla ya kuiamini ilinganishe na multimita nzuri ya fundi kwenye betri ileile. Hizi ndogo za bei rahisi nimezikuta zimekosea kwa volti 0.2, na kwa betri hiyo ni kama robo ya chaji. Ikikosea kwa kiasi kilekile kila mara si tatizo, andika tofauti kwa kalamu pembeni ya dashibodi uendelee na kazi. Ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara achana nayo: inasoma ya mbele tu, tena baada ya umeme kupita kwenye waya na swichi za gari.

Kwenye waya ndipo wengi wanapokosea. Fundi anaona waya wa chanya wa amplifaya uko karibu, anachomekea mita hapo, amemaliza. Tufanye hesabu. Chukua waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, urefu mita 5, ukipitisha ampea 20. Njiani unapoteza karibu volti 0.3. Mita itakuambia 11.9 wakati kwenye betri kuna 12.2, nawe utazima muziki bila sababu. Mita iwe na waya wake mwembamba, milimita 0.75 inatosha, kutoka kwenye kichwa cha betri chenyewe, na fyuzi ya ampea 1 au 2 papo hapo betrini. Hasi ya mita ya nyuma nayo ipeleke kwenye hasi ya betri ya nyuma, usiibandike kwenye skrubu yoyote ya bodi yenye kutu.

Ukitaka mita moja na swichi ya kuchagua inawezekana, ila swichi iwe ya hatua tatu, katikati imezimwa. Zipo swichi zinazoshika upande wa pili kabla hazijaachia wa kwanza, na kwa sekunde hiyo betri zako mbili zinakutana kupitia waya mwembamba kama uzi. Fyuzi zikiwepo zitakatika. Zisipokuwepo, utanusa.

Mita zenyewe nazo zinakula. Inayotumia miliampea 15 usiku na mchana inamaliza karibu ampea-saa 11 kwa mwezi. Gari likikaa wiki tatu bila kazi utaona. Weka kiswichi cha kuziwasha unapotaka kusoma.

Zikishafungwa, faida kubwa utaipata kwa kuzisoma zote mbili kwa wakati mmoja. Injini inaunguruma, mbele 14.2 na nyuma 14.0: rilei imeunga, chaji inafika. Mbele 14.2 na nyuma imeganda 12.4: rilei haijaunga, au fyuzi mojawapo imekufa. Injini imezimwa, umepiga muziki saa nzima na mita zote zinashuka kwa pamoja: rilei imenata, umerudi kulekule ulikotoka, chomoa waya mnene kabla hujaendelea. Na wakati wa kupiga starta itazame ya mbele. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri hiyo imechoka hata kama asubuhi ilisoma vizuri, au vichwa vyake vimelegea.

Usisome betri ya nyuma wakati besi inapiga. Kila ngoma ikidunda namba inazama kisha inarudi. Nyamazisha, subiri dakika tano, ndipo usome, na hata hapo ni makadirio. Namba ya kweli ni ya asubuhi, gari likiwa limelala. Vilevile ukizima injini sasa hivi utaona 13 na kitu. Hiyo ni chaji ya juujuu, isikupe kiburi.

Muda wa kupiga: N70 ina ampea-saa 70, lakini hizo hupimwa kwa kuitoa polepole kwa saa 20, yaani ampea 3.5. Amplifaya yako ikila wastani wa ampea 15, na usitake kuishusha chini ya nusu, usitegemee zaidi ya saa mbili bila injini. Betri ya kuwashia gari ikishushwa hadi chini mara kwa mara haidumu. Ukipata ile inayotengenezwa kwa ajili ya sola, ndiyo ya kuweka nyuma.

Na hiyo ya nyuma imekaa ndani na watu? Ikichaji inatoa hidrojeni. Iweke kwenye boksi lenye mpira wa kutolea hewa nje. Septemba na Oktoba, joto letu la Tabora likikolea, fungua vifuniko kila wiki mbili uongeze maji ya betri, si asidi, maana hukauka haraka. Mita ikikuonyesha karibu 15 safarini, zinachemka: mpelekee fundi oltaneta.

Kabla hujanunua chochote, ipime ya mbele. Imeshaishiwa kabisa mara mbili. Itoe, ichajiwe usiku kucha kwa chaja ndogo, iache bila kuunganishwa siku nzima, kisha pima. Ikiwa chini ya 12.4, pesa ya mita nunulia betri kwanza.