Nimezifuta tovuti nyingi, nimebaki na hizi

Mwalimu mwenzangu aliniomba viungo vya kufundishia sayansi, nikamtumia orodha ndefu niliyoikusanya kwa miaka. Wiki mbili baadaye nikamuuliza ametumia kipi. Akacheka: hata kimoja. Nilipojichunguza nikakuta mimi mwenyewe sina tofauti naye. Nilikuwa nahifadhi tovuti kama mtu anayenunua vitabu vya kupambia kabati. Basi nikakaa jioni moja nikazipitia zote kwa swali hili: hii imewahi kunisaidia kuondoa kosa gani kichwani mwa mwanafunzi? Zilizokosa jibu nikazifuta.

Siku hizi nikiandaa somo naanza na kosa lenyewe, video baadaye. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kina mkusanyiko wa bure uitwao Best Evidence Science Teaching. Ndani yake kuna maswali mafupi ya kupima mwanafunzi anaifikiriaje dhana fulani, na majibu yasiyo sahihi hayakuwekwa ovyo: yamejengwa juu ya fikra ambazo watafiti wamezikuta kwa wanafunzi. Kwa umeme, kwa mfano, jaribu hili kesho. Chora betri na balbu mbili zinazofanana, zimeunganishwa kwa mfuatano, kisha uliza ipi itawaka zaidi. Kwangu karibu nusu ya darasa walisema ya kwanza, kwa kuwa "inakula" mkondo na ya pili inaachiwa makombo. Nimefundisha kanuni ya Ohm miaka mingi bila kujua kwamba makombo hayo yapo.

Hapo ndipo PhET inapofaa. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ina maabara za kuigiza za fizikia, kemia, baiolojia na hisabati. Katika ile ya saketi, mwanafunzi anavuta nyaya na balbu kwa kidole, anaunganisha, na anaziona elektroni zikitembea. Mwanzoni niliiharibu kabisa: niliiwasha kwenye projekta, nikaichezea mwenyewe, darasa likatazama kama sinema. Sasa hakuna kuigusa mpaka kila mmoja aandike utabiri wake na abishane na jirani yake. Ndipo mwenye dai la makombo anaitwa mbele. Anaweka ameta, kile kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, anasoma. Anaiweka katikati, anasoma. Anaiweka baada ya ya pili. Namba ni ileile mara zote tatu. Siingilii kati, namwacha aitazame.

Lakini usiishie hapo. Betri ya kwenye kompyuta haichoki, na nyaya zake hazina ukinzani mpaka uuweke wewe. Tukirudia kwa vifaa halisi, volti zinashuka kidogo balbu zikiwaka, na mjadala wa kwa nini zimeshuka huwa mtamu kuliko somo lenyewe. Tena kuna mambo siyaigizi kamwe. Titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine mpaka mmenyuko ukamilike, ni mojawapo: kama bureti, ule mrija wenye vipimo na koki, ipo, mkono ujifunze wenyewe kufunga koki kwa wakati.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni programu ya simu iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ni ya bure. Inatumia vihisio vilivyomo ndani ya simu: maikrofoni, kipima mchapuko, kipima usumaku. Jaribio langu la kila mwaka ni mwendo wa sauti. Unahitaji simu mbili zenye saa ya programu hiyo inayoanza na kusimama kwa sauti. Ziweke umbali wa mita 5. Mwanafunzi wa kwanza anapiga kofi kando ya simu yake, saa zote mbili zinaanza. Wa pili anapiga kofi kando ya yake, zinasimama. Simu ya kwanza itasoma muda mrefu kidogo kuliko ya pili, na tofauti hiyo ni muda wa sauti kusafiri mita 10, yaani karibu sekunde 0.029. Gawanya, unapata kama mita 340 kwa sekunde. Darasa linapaswa kuwa kimya kabisa, na huo ndio wakati pekee ambapo wananyamazishana wenyewe.

Kwa kemia natumia Periodic Videos ya Chuo Kikuu cha Nottingham, iliyoanza mwaka 2008, yenye video ya kila elementi. Nywele za Profesa Martyn Poliakoff pekee zinatosha kuamsha walio nyuma. Ila video za kutazama zisigeuke maelekezo ya jaribio. Ukitaka kufanya kwa mikono, nenda kwenye kurasa za elimu za Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha Uingereza, ambako kila jaribio lina viwango vya kemikali, tahadhari na maelezo ya kuandaa. Kwa baiolojia, HHMI BioInteractive, tovuti ya Taasisi ya Tiba ya Howard Hughes ya Marekani: nyenzo zao za panya wadogo wa jangwani, weusi kwenye miamba ya lava na wa rangi ya mchanga kwenye mchanga, zimenifundishia uteuzi asilia vizuri kuliko ubao wangu wote.

Jambo la kiufundi, fupi: pakua mapema. Niliwahi kusimama mbele ya darasa zima nikitazama kiduara kinazunguka kwenye skrini, nami nimebaki na dakika thelathini na sina mpango wa pili. Maabara nyingi za PhET zinashuka kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, na programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima nje ya mtandao.

Na akili unde (AI)? Naitumia kutunga maswali, kwa tahadhari niliyoipata kwa aibu. Ilinitungia zoezi la milinganyo ya kemikali, nikalichapa bila kulihakiki. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, oksijeni za huku na za kule hazilingani." Alikuwa sahihi. Tangu hapo maswali kama hayo nayatoa makusudi, nikiwaambia kuna makosa, wayatafute. Zoezi la wiki iliyopita lilikuwa na maswali manane. Nilikuwa nimeona kosa moja. Wao walikuta mawili.